Tawi Darasani: Maoni Juu ya Kufundisha Utambuzi wa Mimea kwa Majani

Katika masomo ya sayansi ya shule za msingi hapana mada inayoonekana nyepesi kama mada ya majani, wala hapana mada inayofundishwa kwa uvivu kama hiyo. Mwalimu huchora ubaoni jani la mwembe, hulitia mshipa wa kati na mishipa midogo, huandika majina ya sehemu zake, na wanafunzi hunakili. Kipindi kinakwisha. Siku ya pili wanaulizwa sehemu za jani, wanazitaja zote bila kukosea, na mwalimu anaridhika. Lakini wanafunzi hao hao wakitolewa nje na kusimamishwa mbele ya ua wa shule hawawezi kueleza kwa nini mmea huu ni mbono kaburi na ule ni mnyonyo, ila kwa kuwa mtu mzima fulani aliwahi kuwaambia.

Tumekaa nyuma ya madarasa mengi ya Magole na vijiji vya jirani wakati wanachuo wetu wakifanya mazoezi ya kufundisha, na maoni tunayoyatoa hapa yametokana na yale tuliyoyaona huko. Dai letu ni moja tu. Twasema kwamba utambuzi wa mimea ufundishwe kwa tawi bichi lililo mkononi mwa mwanafunzi, wala si kwa jani moja lililochumwa, sembuse lililochorwa.

Jani likishachumwa limekwisha kupoteza nusu ya habari zake. Halituambii tena kama lilikaa peke yake pale kwenye kifundo cha tawi au lilikuwa na mwenzake upande wa pili. Halituambii kama ni jani zima au ni kipande tu cha jani kubwa zaidi. Halina jirani wa kulinganishwa naye, kwa hiyo hatujui kama umbo lake ni la kawaida au ni la kipekee. Mwanafunzi aliyepewa jani moja hulazimika kubahatisha, na akipatia, amepatia kwa kukariri sura.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Katika nchi za baridi kuna mti uitwao mepo, ule ambao jani lake limewekwa katika bendera ya Kanada tangu mwaka 1965, na ambao maji yake huchemshwa yakawa asali tamu. Jani lake limekatwa mithili ya kiganja chenye vidole. Sasa huko huko ipo miti na vichaka vingine vyenye majani ya namna hiyo hiyo. Mmojawapo, upandwao sana katika mitaa ya London, unafanana nao kwa majani kiasi kwamba wataalamu wameupa jina la Kilatini lenye maana ya "wenye majani ya mepo". Mtu akiletewa jani la mmoja na jani la mwingine yaweza kumchukua muda mrefu kuyapambanua. Lakini akiletewa tawi, kazi imekwisha kabla hajakaa kitini: majani ya mepo hukaa mawili mawili yakikabiliana, na ya ule mti wa London hukaa moja moja yakipishana. Kipo kichaka kingine ambacho nacho majani yake yana vidole na tena yanakabiliana. Hapo itabidi kutazama vifundo vidogo vilivyo juu ya kikonyo chake, na matunda yake mekundu ya mviringo, kwani mbegu za mepo zina mabawa. Basi walimu wa huko huanza na swali la kukabiliana na kupishana, ndipo waendelee na mengine. Sura ya jani, ambayo ndiyo inayovuta macho, huja baadaye.

Mtoto wa Magole hana haja na mepo. Anayo majani yake ya vidole, tena mengi kuliko anavyodhani, na baadhi yake ni chakula na baadhi ni sumu. Hapa ndipo tunapotaka wanachuo wakae muda mrefu.

Chukueni mhogo, mpira, mnyonyo, mbono kaburi, na pamba mahali inapolimwa. Mimea yote mitano ina jani la kiganja. Yote majani yake hupishana, kwa hiyo swali la kwanza la wenzetu wa mepo halitutoshi. Kwa mpira tuna maana ya ule mti wa mpira ambao Wajerumani waliupanda kwa wingi katika nchi hii kabla ya vita vya 1914, na ambao leo hukaa mipakani mwa mashamba na nyuma ya nyumba, ukichumwa majani yake machanga kwa mboga. Akina mama huiita kisamvu cha mpira. Mti huu na mhogo ni ndugu wa karibu mno. Katika miaka ya 1930 watafiti wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, waliweza kuipandanisha miti hiyo miwili ili wapate mhogo wenye kustahimili ugonjwa wa batobato. Kwa hiyo mtoto anayesema kwamba mpira "ni mhogo mkubwa" hajasema upuuzi. Yafaa asifiwe kwanza, kisha aulizwe tofauti.

Jibu la kwanza la wanafunzi karibu kila mara huwa ni kuhesabu vidole. Wataniambia, mwalimu, huu una vidole saba na huu una vitatu. Msiwakatize. Wapeni tawi zima la mhogo wahesabu kuanzia chini hadi juu. Watakuta jani lenye vidole saba, na juu yake la vitano, na karibu na maua la vitatu, na pengine jani lisilokatwa kabisa, yote katika shina moja. Hapo wamejifunza wenyewe, bila mwalimu kusema neno, kwamba idadi ya vidole ni shahidi asiyeaminika. Jani moja lisingewafundisha hilo hata kwa mwaka.

Baada ya hapo watazame ukingo. Vidole vya mnyonyo vina meno madogo kama ya msumeno pande zote. Vya mhogo, vya mpira na vya mbono kaburi havina. Kisha watazame kina cha mkato. Jani la mhogo limekatwa karibu na kufika kwenye kikonyo, la pamba limekatwa kadiri ya nusu, na la mbono kaburi limekatwa kidogo tu, hata kwa mbali huonekana kama moyo wenye pembe. Kisha wageuze jani chini juu watazame kikonyo kimeshika wapi. Kikonyo cha mnyonyo hakishiki ukingoni bali ndani ya jani, kama mpini unavyoshika mwavuli. Cha mpira nacho mara nyingi huingia ndani kidogo, na hiyo ni alama nzuri ya kuutenga na mhogo, pamoja na vidole vyake vilivyo vipana zaidi. Jani la pamba likiinuliwa kuelekea jua huonyesha vidoa vidogo vyeusi vilivyotapakaa ndani yake. Watoto hulipenda jambo hili kuliko yote, na mwalimu asiwaharakishe.

Mwisho wa yote ni utomvu, na hili lifanywe na mwalimu mwenyewe. Kikonyo cha mhogo kikivunjwa hutoa maziwa. Cha mpira vilevile. Cha mnyonyo hutoa maji tu. Cha mbono kaburi hutoa ute mwembamba, ambao watoto wa vijijini huujua vizuri kwani huufanya mapovu wakayapuliza. Basi kwa maswali manne au matano mimea mitano imeachana, na mwanafunzi anaweza kutaja sababu ya kila hatua. Hiyo ndiyo sayansi tunayoitaka katika shule ya msingi. Jina la mmea ni tuzo ya mwisho tu.

Wengine watauliza kama kuna faida gani ya kumfundisha mtoto wa mkulima kuutambua mhogo, kana kwamba hajui anachokula. Tunajibu kwamba mhogo anaujua, mbono kaburi ndio asioujua vya kutosha. Mmea huu hupandwa kuwa ua wa nyumba na kuzunguka makaburi. Tunda lake ni laini, halina miiba kama la mnyonyo, na ndani mna mbegu nyeusi ambazo ladha yake si mbaya hata kidogo, zinafanana na karanga. Mtoto mwenye njaa akizila hupatwa na kutapika na kuharisha kukali. Mbegu za mnyonyo nazo zina sumu kali zaidi zikitafunwa. Na tatizo linazidishwa na majina: mahali pengine neno mbono hutumika kwa mnyonyo, mahali pengine kwa mbono kaburi, na pengine mnyonyo huitwa mbarika. Mzazi anayemwonya mwanawe "usile mbono" huenda akawa anasema mmea mmoja na mtoto akafahamu mwingine. Majina yakigongana namna hii, hapana hakimu ila jani lenyewe.

Tena tunaongeza jambo la manufaa. Mtoto akionekana amekula mbegu asizozijua, apelekwe zahanati bila kukawia, na anayempeleka achukue tawi la mmea ule ule pamoja na tunda lake. Mganga atalisaidika sana tawi hilo kuliko jina.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao jani lililochumwa huuzaa, nao ni wa jani na kijani. Mwulizeni mwanachuo yeyote akuletee jani la mwarobaini, naye atachuma kijani kimoja chenye meno, cha urefu wa kidole. Hilo si jani. Jani la mwarobaini ni ule mstari mzima wenye vijani pande mbili. Tutajuaje? Kwa jicho. Mkulima wa miwa na wa mhogo analijua jicho vizuri, ni pale penye chipukizi panapootea. Jicho hukaa katika kwapa la jani, yaani pale kikonyo kinapoungana na tawi. Katika kwapa la kijani halipo. Mwanafunzi afuate kikonyo kurudi nyuma mpaka alikute jicho, na hapo ndipo jani linapoanzia. Kanuni hii ni fupi, haimshindi mtoto wa darasa la nne, na haiwezi kufundishwa kabisa bila tawi.

Faida yake huonekana mara moja. Upo mti unaofanana na mwarobaini, uliopandwa kwa kivuli katika shule na ofisi nyingi. Wengi huuita mwarobaini nusu, wengine mmelia. Vijani vyake vina meno kama vya mwarobaini, na tunda lake likiiva ni la manjano vilevile. Lakini tunda hilo ni sumu, na si vyema mtu anayetafuta majani ya mwarobaini kwa dawa akachuma ya mti huu. Tofauti haimo katika kijani. Imo katika jani zima: la mwarobaini limegawanyika mara moja tu, vijani vimepangwa moja kwa moja juu ya uti wa kati, la mwarobaini nusu limegawanyika mara mbili, uti una matawi madogo na vijani viko juu ya matawi hayo. Aliyeleta kijani kimoja ameacha tofauti yote mtini. Kwa njia hiyo hiyo mkwaju huachana na migunga, maana mkwaju umegawanyika mara moja na migunga mara mbili, mbali na miiba.

Mbuyu na msufi nayo ina vidole, ila hivyo ni vijani kamili vinavyokutana pamoja juu ya ncha ya kikonyo, si mikato ya jani moja. Hapa kuna fumbo zuri la kuwapa wanafunzi. Mche wa mbuyu unapoota majani yake ya mwanzo ni mamoja, hayana vidole hata kimoja. Ndiyo sababu watu wengi waliozaliwa chini ya mibuyu husema hawajapata kuuona mbuyu mchanga. Wameuona, hawakuutambua. Otesheni mbegu kadhaa katika makopo nyuma ya darasa, na muwaache wanafunzi waandike tarehe ambayo jani la kwanza la vidole litatokea.

Tukirudi kwenye swali la kukabiliana na kupishana, Magole ni mahali pazuri pa kulifundisha. Mpera na mzambarau majani yake yanakabiliana. Mwembe na mkorosho yanapishana. Na yote minne hukua katika viwanja vya nyumba. Kwa mti mkubwa wa msituni upo mtiki, ambao wanafunzi wanaoishi kando ya barabara ya Turiani wameuona katika mashamba ya Mtibwa. Majani yake yanakabiliana, ni mapana kuliko sahani, na jani changa likisuguliwa viganjani hutia rangi nyekundu. Lakini msiifanye kanuni kuwa amri. Iko mikaratusi ambayo majani ya miche yake yanakabiliana na ya mti mzima yanapishana. Mwalimu aliyekariri atababaika mwanafunzi akimletea matawi mawili ya namna hiyo. Mwalimu aliyezoea kutazama atafurahi, kwa kuwa kipindi kijacho kimekwisha kujiandaa.

Wako wenzetu wanaoshikilia kwamba mmea utambuliwe kwa ua na tunda. Kwa upande wa elimu ya mimea wana haki. Linnaeus wa Uswidi, katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliipanga mimea kwa sehemu za maua yake, na hata sasa ua hueleza udugu wa mimea kuliko jani. Kwa mfano pamba haina udugu wa karibu na mhogo licha ya kufanana kwa majani. Ndugu zake ni bamia, na kwa mbali kidogo mbuyu na msufi, jambo ambalo ua hulionyesha. Hatubishani nao. Tunasema tu kwamba maua huja kwa majuma machache, na pengine wakati wa likizo, lakini jani lipo sehemu kubwa ya mwaka wa masomo.

Sehemu kubwa, si mwaka wote. Mwanachuo anayeandika azimio la kazi auangalie msimu. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na miombo ya vilima vya Kilosa na Mikumi vivyo hivyo. Afadhali somo liwekwe mvua zikiwa zimekwisha kunyesha. Ila darasa la juu lingepata faida kutazama miombo kabla tu ya mvua, pale majani machanga yanapochomoza yakiwa mekundu kama shaba. Mepo ya Ulaya na Marekani huwa mekundu majani yanapokaribia kufa. Miombo huwa mekundu yanapozaliwa. Wenye kutembelea Hifadhi ya Mikumi wayaone kwa macho bila kukata tawi, maana ndani ya hifadhi hairuhusiwi.

Juu ya lugha tuna neno moja. Watoto wa Magole hutoka katika nyumba za Wakaguru, Wasagara, Wagogo, Wamasai na wengineo, na miti mingi ya porini wanaijua kwa majina ya nyumbani tu. Mwalimu ayapokee majina hayo, ayaandike ubaoni, kisha aweke jina la Kiswahili pembeni. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 tumekuwa tukisema kwamba elimu itoke katika mazingira ya mtoto. Mara nyingi, bibi wa mtoto ndiye anayeujua mti ule kuliko mtungaji wa kitabu, na hapana aibu kumwalika shuleni.

Tunajua wanachuo watalalamika kwamba madarasa yamejaa. Yamejaa kweli. Lakini tawi halinunuliwi. Matawi kumi yaliyokatwa asubuhi ile ile, kila moja la urefu wa mkono, likiwa na majani yasiyopungua sita na ncha yake, yanatosha vikundi kumi, nayo yakiwekwa katika ndoo yenye maji kidogo hayanyauki kabla ya saa sita. Yakatwe na mwalimu au na wanafunzi wawili wakubwa, yasikatwe na darasa zima, la sivyo ua wa jirani utakwisha. Mbegu za mnyonyo na za mbono kaburi zisiletwe darasani kamwe. Mtu asionje kitu chochote, na kipindi kikiisha wote wanawe mikono. Mambo haya yaandikwe katika andalio la somo, maana mkaguzi huyauliza, na ana haki ya kuyauliza.

Kuhusu jaribio la mwisho wa mada, tumechoka kuona maswali ya kutaja sehemu za jani. Wekeni mezani tawi la mti ambao hamkuufundisha, kila kikundi kipite, na kila mwanafunzi aandike mambo manne aliyoyaona, bila kutakiwa kutaja jina. Mlonge unafaa sana kwa kazi hiyo. Jani lake limegawanyika mara tatu, na mwanafunzi anayeweza kulifuata kijani kwa kijani mpaka akalikuta jicho lake apewe alama zote, hata kama ameliita tawi zima kwa jina lisilo lake.